Jikoni Kwangu ni Saa ya Kule

Nyumba yetu ipo Tunduma, upande ule unaopakana na Nakonde, na mtu akisimama kwenye dirisha la jikoni anaona mabati ya Wazambia. Sisi na wao tunatofautiana saa moja. Kwetu ikiwa saa sita mchana, kwao ni saa tano. Kwa hiyo hapa mjini mtu akikwambia mkutane saa nne, unamuuliza kwanza: ya huku au ya kule? Watoto wanaliuliza swali hilo kabla hawajajua kusoma saa. Nimewauliza mafundi, nimewauliza wauza vitenge, nimewauliza walioniletea kadi za harusi. Kompyuta yangu peke yake sikuiuliza.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na mume wangu husema nyumbani pia nimefungua shule. Kompyuta nilijifunza ukubwani, na nilipoijua nikashikwa na ugonjwa wa kupanga. Nilinunua kompyuta mpakato iliyokwishatumika, baadaye kishikwambi, nikaviunganisha ili ninachoandika huku kionekane na kule. Humo niliweka ratiba ya mlo ya wiki nzima, zamu ya maji ya bomba, siku ya kusaga mahindi, siku ya kuloweka maharage. Mume wangu akirudi kutoka kwenye duka lake la vipuri aliisogelea kompyuta kabla hajanisalimia mimi. "Shikamoo kompyuta. Leo tunakula nini?" Umeme ukikatika siku nzima tulikula ugali na chochote kilichopatikana, naye alizisifu siku hizo kwa sauti ili nisikie. Nilinuna, lakini sikuacha. Napenda kuona mambo ya nyumba yamekaa mstari kwa mstari, na mpaka leo napenda.

Mwezi wa tano mama yangu alikuja kukaa nasi. Yeye ni mtu wa Itaka, huko Mbozi, mkulima wa kahawa tangu usichana wake. Jicho lake la kushoto lilikufa zamani, tawi la mkahawa lilimchapa akiwa anapogoa. La kulia ndilo alilobaki nalo, na hilo nalo likaanza kuingia ukungu, mtoto wa jicho. Msimu uliopita alichuma kapu zima la kahawa mbichi akidhani zimeiva. Wajukuu walicheka, yeye akacheka nao, kisha akaenda kukaa nyuma ya nyumba peke yake. Kaka yangu aliponisimulia hilo kwa simu, nilisema basi, mama anakuja kwangu, tunakwenda Mbeya kumfanyia upasuaji.

Upasuaji ulikwenda salama. Muuguzi alitupa kichupa kidogo cha dawa ya matone na kutueleza polepole: tone moja, mara nne kwa siku, mwezi mzima, kisha turudi kupimwa. Isipungue, isizidi. Ikipungua jicho litavimba, ikizidi presha ya ndani ya jicho itapanda, na presha ikipanda ikaachwa, jicho linaweza kupotea. Mama alisikiliza kwa utulivu, halafu akauliza jambo moja tu: atakuwa nyumbani kwake kahawa zikianza kuiva? Muuguzi alimjibu kwamba jicho likitulia, atakwenda kuzichuma mwenyewe.

Jioni ile ile nilikaa mezani nikaipanga dawa kwenye kompyuta. Saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi jioni, saa mbili usiku. Tatu kati ya hizo ningekuwa nyumbani nimtie kwa mkono wangu. Iliyonipa shida ni ya saa sita, kwa sababu saa hiyo nipo shuleni. Mume wangu dukani kwake si mbali, lakini asingeweza kumshika mkwe wake kope, hilo kwetu halipo. Mama akasema atajitia mwenyewe akiwa amelala chali kwenye benchi, mradi tu ajue saa imefika. Basi nikarekodi sauti yangu kwenye kishikwambi: "Mama, saa ya dawa." Saa sita ikifika kingesema hivyo, na kuendelea kusema mpaka mtu abonyeze kitufe kikubwa cha kijani. Akibonyeza, kwenye kompyuta panatokea alama ya kijani. Asipobonyeza kwa robo saa, kinanyamaza na panatokea nyekundu.

Nilipomwonyesha, mama aliuliza, "Hiyo saa sita ni ya huku au ya kule?"

"Mama, hii ni kompyuta. Haina mambo ya huku na kule."

"Haya, mwanangu."

Hakubishana. Alikwenda kwenye mfuko wake, akafungua fundo la kanga, akatoa punje nne za kahawa kavu za shambani kwake. Akaziweka kwenye kisahani kimoja dirishani, na pembeni akaweka kisahani cha pili kitupu. Kila akitiwa tone alihamisha punje moja. Wakati wa kulala punje zote zilikuwa kisahani cha pili, na asubuhi zilirudi cha kwanza. Nilimwambia hakuna haja, kila kitu kinaandikwa kwenye kompyuta. Akasema anajua, lakini yeye kompyuta hawezi kuipapasa.

Siku ya kwanza niliporudi kutoka shuleni, nilifungua kompyuta kabla sijavua viatu. Saa sita palikuwa na alama mbili, ya kijani na chini yake nyekundu. Nikaona labda kishikwambi kimekosea kuandika, au mama alibonyeza kabla hajatia. Iliyonikaa kichwani ni ile nyekundu.

"Mama, saa sita ulitia?"

"Nilitia."

"Mbona hapa inaonyesha hukutia?"

"Tazama kisahani."

Punje mbili zilikuwa zimehama, ya asubuhi na ya mchana. Nikamwambia punje si kitu cha kutegemea, hata panya anaweza kuihamisha.

"Panya anayejua saa sita," alisema.

Mume wangu aliyekuwa mlangoni aligeuka akatazama nje, mabega yakimtikisika. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na hofu ya jicho, na nilikuwa na alama nyekundu mbele yangu. Nilimlaza mama kwenye benchi nikamtia tone la mchana nililoamini limekosekana. Saa kumi nikamtia lile la saa kumi. Hakukataa. Alikuwa nyumbani kwa binti yake, na binti yake ni mwalimu.

Ikawa hivyo karibu kila siku ya kazi, kijani na nyekundu, na mimi nikifidia. Jumamosi ya kwanza nilikuwa msibani Mlowo, ya pili nilikuwa shuleni nikisimamia mtihani. Jumapili tulikwenda naye kanisani, kichupa na kishikwambi vikiwa kwenye mkoba wangu, tone la saa sita nikamtia garini kwa mkono wangu, nikabonyeza kitufe. Siku hizo mbili za Jumapili alama nyekundu haikutokea, nami nikaona huo ni ushahidi: nikiwapo mimi mambo yanakwenda, nisipokuwapo mama anasahau. Nilianza hata kumsema. Si kwa ukali, lakini kwa ile sauti ya darasani ambayo mume wangu anaichukia. Mama alisikiliza, akahamisha punje zake.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, nilikitikisa kichupa nikasikia kimebaki na maji ya kuloanisha kidole tu. Kilitakiwa kifike mwisho wa mwezi. Nikahitimisha haraka, kama kawaida yangu: mama anamwaga, tone linapita shavuni, anajitia tena. Nikaamua Jumamosi nishinde nyumbani nimtazame.

Jumamosi ile nilikaa sebuleni na madaftari ya kusahihisha. Kishikwambi kilikuwa kinachajiwa kwenye soketi ya sebuleni, mahali pake pa kila asubuhi. Saa sita kamili ya ukutani kikasema, "Mama, saa ya dawa." Mama akaja, akalala kwenye benchi, akavuta kope la chini kwa kidole, akadondosha tone moja. Lilianguka katikati ya jicho. Mimi mwenyewe simtii vizuri hivyo. Akainuka, akapapasa kitufe, akabonyeza, akaenda dirishani akahamisha punje. Kisha akachomoa kishikwambi kutoka kwenye chaji, akaninyooshea nimwekee nyimbo za kwaya, kama jirani yetu anavyomwekea nikiwa shuleni, akaenda nacho jikoni kwenye joto la mkaa, maana baridi ya mwezi ule ilikuwa ya kuumiza mifupa.

Nilisahihisha madaftari. Kwaya iliimba. Baada ya saa nzima nikasikia sauti yangu ikitoka jikoni: "Mama, saa ya dawa."

"Nimeshatia, mwanangu," mama alijibu.

"Mama, saa ya dawa."

"Nimeshatia."

Nilisimama mlangoni. Alikuwa anachambua maharage, anajibu bila kuinua kichwa, kwa upole, kama anavyomjibu mtoto anayeuliza jambo lile lile. Saa ya ukutani sebuleni ilikuwa saa saba. Nikakichukua kishikwambi. Juu yake palisomeka saa sita. Chini palikuwa na ujumbe wa kukaribishwa Zambia, na chini yake mwingine wa jana, na wa juzi, rundo la makaribisho ambayo mama hakuweza kuyasoma. Sebuleni kwangu kilishika mtandao wa huku. Kikivuka kizingiti cha jikoni kilishika wa kule, kikajirudisha saa moja nyuma, kikasubiri saa sita ifike tena.

"Huwa kinaita mara mbili kila siku?"

"Kila siku."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia nimetia. Ulitaka niseme nini tena?" Akapuliza makapi ya maharage. "Nilijua ni wewe unahimiza. Tangu mdogo hukuwa mtu wa kusema jambo mara moja."

Nilikaa kwenye kigoda nikahesabu. Wiki tatu kasoro, siku za kazi zote, tone moja la ziada kila siku, na kila moja nililitia kwa mkono wangu huku mama akiniambia ukweli. Nililia. Mama aliacha maharage akanishika bega akaniuliza kama nina homa. Nikamweleza. Akasema basi kumbe swali lake la siku ya kwanza halikuwa baya.

Mume wangu alipokuja kula mchana nilimsimulia. Alikwenda akasimama mlangoni mwa jikoni, kwa heshima, bila kuvuka kizingiti. "Mulishani, mama," akamsalimia kwa Kibemba, kama anavyowasalimia wateja wake wa Nakonde. "Huko kwenu Zambia mmelalaje?" Mama alicheka mpaka akajishika jicho. Mimi nilimkasirikia mume wangu mpaka jioni.

Jumapili sikusikia neno la mahubiri. Jumatatu niliomba ruhusa, tukaenda Mbeya. Muuguzi yule yule alifungua faili, akauliza tunatia mara ngapi.

"Mara nne," mama akawahi, "kama mlivyotuambia."

Mama yangu hajui kusema uongo, na ule ulimtoka ukiwa umejikunja. Aliusema kwa ajili yangu, ili mwalimu asigombezwe mbele ya watu. Nikasema, "Ni mara tano. Kosa ni langu." Mama alinibonyeza goti chini ya meza, niendelee au ninyamaze, sikuelewa.

Daktari alipima presha ya jicho. Ilikuwa imepanda. Si ya kutisha, alisema, lakini imepanda. Alisimamisha ile dawa, akaandika nyingine, mara nne pia, akatutaka turudi baada ya wiki moja. Nilimuuliza kama jicho litapona. Akasema tutaona wiki ijayo. Njia nzima ya kurudi mama alitazama dirishani, jicho lile moja wazi kabisa, anahesabu mashamba ya watu. Tulipopita Mbozi akaniambia kahawa zimeanza kupata rangi.

Wiki ile kishikwambi nilikizima nikakifungia kabatini. Lakini bado nilihitaji kumjulisha mama saa sita, na saa ya ukutani hakuweza kuisoma. Shule yetu haina kengele ya umeme. Ina rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mti, na chuma cha kuigongea, na mlio wake unafika kwangu bila shida. Kugonga ni zamu ya mwalimu wa wiki, kazi ambayo kila mtu anaikwepa. Niliiomba. Wenzangu walidhani natafuta cheo. Kila siku, mkono wa saa ukifika kumi na mbili, niligonga rimu ile mpaka mkono uume ganzi, kisha nikagonga mara tatu za mama. Nakonde nao waliisikia, lakini wao wanajua hesabu zao.

Nikirudi nilikwenda moja kwa moja dirishani. Punje mbili zimehama, mbili zimebaki. Kompyuta sikuifungua. Nilizitazama punje zile kwa dakika nzima, kavu, zenye ganda lake, na niliziamini kuliko nilivyojiamini mimi. Mama akaniuliza, "Vipi, panya amefika?" Nikamwambia amefika, tena kwa wakati.

Tuliporudi Mbeya daktari alipima mara mbili. Presha ilikuwa imeshuka, jicho limetulia. Mama hajui kusoma, kwa hiyo muuguzi alimwonyesha vitu: kalamu, funguo, vifuniko vya rangi rangi vilivyokuwa kwenye sinia. Mama alivitazama, akachukua chekundu, akakiacha cha kijani. "Hiki kimeiva," akasema. Muuguzi hakuelewa kwa nini nilitoka nje ya chumba.

Siku ya kumrudisha Itaka nilimfungia kanga zake, sukari na dawa iliyobaki. Akaomba kishikwambi, kwa ajili ya kwaya. Mke wa kaka yangu angekichaji kwenye sola. Nilikitoa kabatini, nikataka kwanza kuifuta ile sauti.

"Iache," akasema.

"Mama, baada ya siku tatu dawa inakwisha."

"Najua. Iache."

Visahani viwili ameniachia dirishani pamoja na punje zake nne. Siku hizi ratiba ya mlo bado ipo kwenye kompyuta, na mume wangu bado anaiamkia, lakini zamu ya maji nimeihamishia huko kwenye punje, na umeme ukikatika sipotei. Ratiba ya zamani ya dawa nayo bado ipo, sijaifuta. Huwa naifungua mara moja moja nikazitazama zile nyekundu.

Wiki mbili baada ya kuondoka nilimpigia simu. Kahawa zimeiva, alisema, anaziona nyekundu tangu mlangoni, na wajukuu ndio wanaomchosha, wanachuma hovyo. Kisha akalalamika kwamba kishikwambi changu kimeharibika.

"Kimefanyaje, mama?"

"Saa sita kinaniita mara moja tu. Kule kwako ulikuwa unaniita mara mbili."

Itaka ni mbali na mpaka, huko saa ni moja. Sikumweleza hayo, anayajua. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi nampigia mimi, saa saba ya huku, ambayo ni saa sita ya kule, nikiwa nimesimama jikoni kwangu.

"Mama, saa ya dawa."

"Nimeshatia, mwanangu," ananijibu, akiwa shambani, na nasikia kahawa zikidondoka kapuni.